Televisheni Iliyosingiziwa

Siku fundi makochi alipoitwa mwizi na televisheni, alikuwa amekaa sebuleni kwa wakwe zake, shati limenyooka kwa pasi, sahani ya karanga mapajani. Hakuwa na habari kwamba kuna jambo linamjia.

Televisheni yenyewe aliileta yeye. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amepewa kazi ya kuvalisha upya viti vya hoteli moja kubwa, na hoteli ile ilikuwa inabadilisha televisheni za vyumbani. Mama stoo, yaani mwanamke aliyeshika funguo za ghala la hoteli, akamuuzia moja kwa bei ya kirafiki. Fundi hakuipeleka kwake. Aliifunga kwa magodoro ya sponji, akaipakia kwenye pikapu, akaenda nayo moja kwa moja kwa baba mkwe. Mama mkwe alimwombea dua ndefu mpaka dereva wa pikapu akaanza kupiga honi.

Baba mkwe alikuwa mkaguzi wa tiketi za treni tangu ujana mpaka alipostaafu, na watu wote, hata mkewe, walimwita Mkaguzi. Alikuwa na namna ya kumtazama mtu kana kwamba tiketi ameificha kwenye soksi. Kwa miaka mitano ya ndoa alimwita mume wa binti yake "fundi", basi, kama vile kaja kupima kochi. Baada ya televisheni ile alianza kumwita "mwanangu". Fundi hakumwambia mtu, lakini mara ya kwanza aliposikia neno lile alitembea kwa miguu kurudi nyumbani, akasahau kabisa kama kuna usafiri.

Sasa siku hiyo shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa ameleta king'amuzi kipya. Shemeji huyu alifanya kazi kwenye kampuni ya bima na hakuonekana bila tai shingoni, hata kwenye mazishi ya jirani, hata akioga, watani walisema. Kwa hiyo jina lake likawa Tai. King'amuzi cha zamani, kilichounganishwa kwa nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, aliking'oa akakitupa kwenye kapu. Kipya kiliunganishwa kwa waya mmoja mnene mweusi.

"Huu unaleta picha safi mpaka utaona jasho la bondia," alisema Tai.

Maana siku hiyo kulikuwa na pambano la ngumi, na Mkaguzi alikuwa amewaalika wazee wawili aliofanya nao kazi kwenye mabehewa. Wote walikuwa wamekaa mkao wa kula. Matangazo yakapita vizuri. Tai akabonyeza rimoti kwenda kwenye chaneli ya ngumi. Kioo kikawa cheusi, kisha yakatokea maneno meupe.

Mkaguzi akavaa miwani. Aliyasoma kwa sauti, neno moja moja, kama alivyokuwa akisoma tiketi zenye mashaka.

"Kifaa hiki hakijaidhinishwa. Picha imezuiwa ili kuzuia wizi."

Mmoja wa wale wazee akakohoa. Mwenzake akaanza kuangalia dari.

Tai akazima, akawasha. Akachomoa waya, akaupuliza, akaurudisha. Maneno yakarudi yale yale.

"King'amuzi hakina tatizo," alisema. "Nimekitoa kwenye boksi mbele yenu. Kinachokataliwa ni televisheni."

Mkaguzi alivua miwani, akaigeuza shingo yake taratibu kuelekea kwa fundi.

"Mwanangu, hii TV ulisema uliitoa wapi?"

"Hotelini, baba. Walikuwa wanabadilisha."

"Aliyekuuzia ndiye mwenye hoteli?"

"Hapana. Mama stoo."

"Mama stoo," alirudia Mkaguzi, akiwatazama wenzake. "Mtunza ghala anauza mali ya ghala. Wazee wenzangu, hili si tulikuwa tunaliona kila wiki?"

Wazee wakaguna. Fundi alihisi masikio yanawaka moto. Alitaka kusema kwamba meneja alijua, kwamba hata walinzi wa getini walimsaidia kupakia, lakini yakatoka maneno mawili tu: "Baba, jamani."

"Shemeji, hakuna anayekuhukumu," alisema Tai, kwa sauti laini ya kumwelewesha mteja kwa nini bima yake haitalipa. "Ila mashine haina ukoo wala chuki. Inasema inachokiona."

Hapo ndipo fundi alipoinuka. Karanga zikamwagika zulia zima. Alichomoa nyaya zote, akaikumbatia televisheni kama mtu anayemtoa mgonjwa wodini, akaelekea mlangoni. Hakuna mwanamume aliyenyanyua kidole kumsaidia. Mama mkwe peke yake ndiye aliyekimbia kumfungulia, na akamwambia polepole, "Mwanangu, rudi ukae." Hakurudi.

Mkewe, aliyekuwa jikoni kwa mama yake wakati wa fedheha ile, alimkuta nyumbani ameketi kitandani, televisheni imeegemezwa kwenye kabati, kioo kimegeuzwa ukutani.

"Baba Mapacha, ulikosea kuibeba," alisema. "Mtu akiambiwa kaiba, akaondoka na kitu chenyewe mbio mbio, watu watasemaje?"

"Kwa hiyo na wewe umo?"

"Ningekuwa nimo ningebaki kule kula nyama. Mimi ni mkeo, ndiyo maana nakwambia."

Usiku huo fundi alimpa mgongo, na yeye hakuwa mtu wa kumpa mkewe mgongo.

Kesho yake karakana ilimshinda. Alikata kitambaa cha kochi la mteja kwa kipimo cha kiti kimoja, akaharibu. Na hapo katikati ya vipande vya sponji na mbao wazo baya likamwingia: je, kama ni kweli? Je, kama mama stoo alimuuzia kitu cha magendo, akamcheka mgongoni? Kadiri alivyolifikiria ndivyo lilivyozidi kupata mwili, mikono na miguu. Alifunga karakana, akaenda hotelini.

Mama stoo alikuwa kwenye ukumbi mwembamba nyuma ya jiko, anahesabu mashuka na wasichana wawili wa usafi wa vyumba. Alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, mwenye funguo nyingi kiunoni kiasi kwamba ukimsikia anakuja ulidhani ni ng'ombe mwenye kengele. Alimwona fundi akatabasamu.

"Uliniuzia mali ya wizi," alisema fundi. Hata salamu hakutoa.

Wasichana wakaacha kukunja shuka. Mama stoo akaliweka lile alilolishika juu ya mengine, akalisawazisha pembe.

"Rudia."

Fundi akarudia, ingawa mara ya pili sauti haikuwa na nguvu ya mara ya kwanza. Akamsimulia maneno ya kwenye kioo.

"Yale maneno meupe?" alisema mama stoo. "Kifaa hakijaidhinishwa? Ndugu yangu, yale tuliyasoma humu kabla yako. Siku walipotubadilishia ving'amuzi, ghorofa mbili nzima zilipata giza kwa mpigo. Wageni wakashuka mapokezi wamefura. Fundi wa kampuni ya ving'amuzi alituambia hivi: king'amuzi kipya kinaiuliza televisheni neno la siri kabla ya kuipa picha. Televisheni ikilijua, inapewa. Isipolijua, king'amuzi kinafikiri ni mashine ya kunakili filamu, kinafunga. Hizi zetu zilitengenezwa kabla ya neno lenyewe kutungwa, zitalijuaje? Ndiyo sababu hoteli ikaziuza. Meneja aliweka tangazo getini. Na mimi nilikwambia, inafaa kwa king'amuzi cha zamani tu. Ulikuwa unacheka na dereva wa pikapu, ukasema sawa, sawa."

Fundi alikumbuka, na akatamani asikumbuke.

"Sasa nisikilize," aliendelea mama stoo, na hapo upole ulikuwa umekwisha. "Jana umeitwa mwizi, ikakuuma, ukalala nayo. Leo umeibeba umekuja kunitupia mimi, mbele ya watoto ninaowafundisha kazi. Kesho mimi nimtupie nani?"

"Samahani, mama. Hasira zilinitangulia."

"Samahani yako iweke hapo juu ya mashuka. Nikimaliza kazi nitaiangalia."

Akageuka, akaendelea kuhesabu kuanzia mwanzo.

Fundi alitoka pale amekuwa mdogo kama kisoda, na mtu aliyejidharau hutafuta mahali pa kuutua mzigo. Alikwenda duka la kampuni ya ving'amuzi. Ndani kulikuwa na baridi ya kiyoyozi, foleni ndefu, na ukuta mzima wa televisheni mpya zikionyesha maua yanayochanua. Msichana wa dirishani alikuwa na skafu ya rangi za kampuni na uso uliochoka tangu asubuhi.

"Televisheni yako ni ya kizazi cha nyuma," alimweleza. "Haina ulinzi unaotakiwa."

"Sawa. Basi andikeni kwamba ni nzee. Mzee si mwizi."

"Ule ujumbe unatoka makao makuu, kaka. Sisi hapa hatuwezi kuubadilisha."

"Makao makuu yananijua mimi?"

"Hapana."

"Yamewahi kufika kwa baba mkwe wangu?"

"Hapana, kaka."

"Basi wamepata wapi ruhusa ya kuniita mwizi mbele ya wageni wake?"

Msichana alimtazama mtu aliyekuwa nyuma ya fundi kwenye foleni, akitumaini atalalamika kwamba anacheleweshwa. Yule mtu, baba mmoja mwenye king'amuzi kwapani, alisema, "Mjibu kwanza. Na mimi nina swali hilo hilo."

"Tunachoweza kukusaidia," alisema msichana, "ni punguzo ukinunua moja ya hizi," akaonyesha ule ukuta wa maua.

Fundi aliyatazama maua yale mpaka macho yakamuuma. "Kumbe anayeniita mgonjwa ndiye anayeuza dawa," alisema, na sasa alikuwa anasikika mpaka nje. "Nilipe mwezi kwa mwezi, nitukanwe kwenye kioo changu mwenyewe, halafu nije nifanye ununuzi hapa hapa. Nyie mna akili kweli." Mlinzi akaja, akamshika kiwiko kwa adabu, akamtoa. Hata mlinzi huyo, walipofika barazani, alimnong'oneza kwamba ya kwake nyumbani nayo ilikataa.

Jioni alimpigia Mkaguzi simu. Alijitahidi kueleza kwa utulivu habari ya swali na jibu na neno la siri.

"Neno la siri," alisema Mkaguzi. "TV na king'amuzi wananong'onezana."

"Ndiyo, baba."

"Fundi, mimi nimesikia visingizio vya kila aina kwenye mabehewa. Mtu mmoja aliniambia tiketi yake imeliwa na mbuzi, na mbuzi alikuwepo. Lakini hiki chako ni kipya." Akakata.

Fundi. Neno "mwanangu" limekwenda na maji.

Kuanzia hapo hakukanyaga tena kwa wakwe. Mkewe alikwenda na watoto, akarudi, hakuuliza, hakuulizwa. Televisheni ilibaki imegeukia ukuta. Fundi aliigeuza tu pale mapacha wake walipoanza kuichora chaki mgongoni.

Kisha, Jumamosi moja mchana, mama mkwe akapiga simu. "Mwanangu, njoo. Usiniulize cha nini, njoo tu." Mama yule hakuwahi kumwomba kitu. Fundi akavaa, akaenda, amejikaza kama anayekwenda kung'olewa jino.

Alisimama mlangoni, hakuingia. Pale ilipokuwa televisheni yake palikuwa na nyingine, mpya, kubwa kuliko ile, kando zake bado zina karatasi ya plastiki. Tai alikuwa amesimama mbele yake, tai imelegea mpaka kifungo cha pili. Na kwenye kioo, meupe juu ya cheusi, ni maneno yale yale.

Mkaguzi alikuwa kitini kwake, miwani puani, shingo imegeuka taratibu kuelekea kwa Tai.

"Na hii uliitoa wapi?"

"Dukani, baba. Dukani kabisa. Karatasi zote hizi hapa."

"Imeandikwa wizi."

"Naona, baba, lakini."

"Lakini nini?"

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Fundi hakutaka kusema kitu, alishajiapiza njia nzima kwamba hatasema kitu, lakini mdomo ulimponyoka. "Shemeji, mashine haina ukoo wala chuki."

Tai aliangalia viatu vyake.

Muda si mrefu kijana wa kampuni akaingia, ovaroli ya rangi zile za skafu, anatafuna ubani. Hakukaa. Alipenya nyuma ya televisheni, akachomoa ule waya mnene, akauhamisha sentimita chache, na picha ikaja, safi, watu wanacheza dansi.

"Mlichomeka tundu la pili," alisema akijifuta vumbi. "Hizi za bei ya chini tundu la kwanza ndilo lenye ule ulinzi. La pili halina."

Mkaguzi aliinuka. Hakuwa mtu wa kuinuka ovyo, magoti yalimsumbua.

"Ngoja nikuelewe. Televisheni ni ile ile. Waya ni ule ule. Mtu ni yule yule. Tundu la kwanza ni muungwana, tundu la pili ni mwizi?"

"Mzee, ni mfumo tu."

"Na televisheni ya mkwe wangu?"

"Ile ya zamani? Haina tundu hata moja linalojua. Lakini mngeirudishia zile nyaya tatu za rangi, king'amuzi hiki kina matundu yake nyuma pale. Picha isingekuwa safi sana, ila mngeona pambano."

Wacheza dansi waliendelea kucheza.

"Kitoe," alisema Mkaguzi.

"Nini, mzee?"

"King'amuzi. Kitoe, uondoke nacho."

"Mzee, mmeshalipia mwezi mzima."

"Nimesema kitoe. Nimekagua tiketi maisha yangu yote. Nimekamata walevi, nimekamata wachungaji, nimemkamata kaka yangu wa tumbo moja. Hakuna hata mmoja niliyemwita mwizi kabla ya kumwomba tiketi. Waambie waliokutuma kwamba kazi ya ukaguzi hawaijui. Wanamwita mtu mwizi kwa sababu ya tundu." Sauti ilikuwa inapanda, mishipa ya shingo imemtoka, na yule kijana alikuwa ameacha kutafuna. "Nyumbani kwangu. Mbele ya wenzangu niliozeeka nao."

"Mume wangu," alisema mama mkwe. Alikuwa mlangoni mwa jikoni, anafuta mikono kwenye kanga. "Unamfokea mtoto wa watu bure. Aliyeandika maneno yale hayumo humu ndani. Aliyeyasoma kwa sauti ndiye yumo."

Mkaguzi akakaa.

Fundi alijua kwamba hapo ndipo angepaswa kusema yamekwisha, baba, tugange yajayo. Mkwe mwema ndivyo afanyavyo. Lakini alipojitafuta ndani hakulikuta neno hilo, alikuta jingine.

"Baba, mimi sikuumizwa na kioo," alisema. "Kioo hakinijui. Wewe unanijua. Nimekula hapa, nimezika na wewe mama yako, wajukuu zako ni wangu. Ukasoma mstari mmoja ukaniona mwizi."

Aliondoka kabla hajasema zaidi, maana yaliyokuwa yanafuata yasingezoleka.

Wiki ilipita. Asubuhi moja fundi alikuwa amepiga magoti anabana springi za kochi, mdomo umejaa misumari, akaona vivuli vitatu mlangoni pa karakana. Alikuwa Mkaguzi pamoja na wale wazee wawili. Mkaguzi hakuwa amewahi kufika pale hata siku moja. Kiti kilichokuwa kizima kilikuwa kimoja tu, wazee wakakaa kwenye makochi yasiyo na vitambaa, wakizama kwenye sponji mpaka magoti yakawafika kidevuni. Mkaguzi alibaki amesimama.

"Nilikuaibisha mbele ya hawa," alisema. "Kwa hiyo nimekuja nao. Nilikosea, mwanangu. Nililiamini andiko nikamwacha mtu."

Mmoja wa wazee alisema, "Na sisi tuliguna." Mwenzake akaongeza, "Tuliguna kweli."

Fundi alitema misumari kiganjani. Alimpa baba mkwe kile kiti kizima, akaagiza chai. Wakanywa. Walipokuwa wanaaga, Mkaguzi akauliza, kama mtu asiyejali sana, kama ile televisheni anaweza kurudishiwa. Ile mpya ya Tai ilikuwa imesharudishwa dukani, na king'amuzi cha zamani kilikuwa bado kwenye kapu na nyaya zake.

"Hapana, baba," alisema fundi. "Msamaha nimekupa. TV inabaki kwangu. Mkitaka ngumi, karibuni nyumbani."

Mkaguzi alimtazama kwa lile jicho lake la soksi, kisha akaitikia kwa kichwa.

Mchana huo huo fundi alikwenda hotelini. Aliwasubiri wale wasichana wawili wa usafi wawepo wote, ndipo akamwambia mama stoo alichokuja kumwambia, mbele yao, kwa sauti ya kusikika. Mama stoo alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema ana kiti cha ofisini kimeinama upande, na kama kuna fundi mwenye muda angekipenda kisimame wima. Fundi alikibeba.

Tangu hapo mambo yalirudi, ingawa si yote. Anakwenda kwa wakwe, anaitwa mwanangu, anaitika. Tai alimwandikia ujumbe mfupi kwenye simu, "Shemeji tusameheane," naye akajibu "sawa", moja tu. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Usiku mwingine, mapacha wakiwa wameshalala na televisheni inaonyesha, kwa nyaya tatu za rangi, picha yake isiyo safi sana, uso wake hukunjamana ghafla bila sababu.

"Bado una hasira?" mkewe alimuuliza mara moja.

"Ninayo."

"Na baba?"

"Baba alikuja, akasimama mbele yangu."

"Na nani basi?"

"Na walioandika yale maneno."

"Hao huwapati, Baba Mapacha. Hata ukiwatafuta huwajui sura."

"Najua," alisema fundi. "Ndiyo maana hainiishi."

Mkewe akasogea karibu, akachukua rimoti, akapunguza sauti.